Kufungia Si Kuhifadhi

Imani moja imeota mizizi miongoni mwa wakusanyaji wa vigari vya plastiki vya kuunga, na kwa wengi wao imekwisha kuwa sheria: kwamba boksi bora kuliko yote ni lile ambalo halijapata kufunguliwa. Nailoni yake iwe haijachanika, pembe zake ziwe hazijabonyea, na vipande vilivyomo viwe havijaguswa na kidole cha binadamu tangu siku vilipotoka kiwandani. Boksi la namna hiyo hutajwa kwa sauti ya chini, kama kitajwavyo kitu kitakatifu. Lililofunguliwa hushuka daraja, hata kama hakuna kilichopungua ndani yake. Na kigari kilichokwisha kuungwa, khasa kilichoungwa na mtoto wa miaka kumi na miwili kikatapakaa gundi kila kiungo, huhesabiwa kuwa ni taka. Wenyewe Wamarekani wamekipa jina la dharau, wakakiita bomu la gundi.

Nakusudia kuipinga imani hiyo bila ya kuuma maneno. Nasema kwamba kufungia si kuhifadhi. Nasema kwamba kigari kilichoungwa vibaya kina heshima kubwa kuliko boksi lisiloguswa, na kwamba yule anayekesha na kigari kibovu mkononi, akikivua rangi na kuyatibu majeraha yake, ndiye mhifadhi wa kweli. Mwenziwe aliyelifungia boksi kabatini ni mlinzi wa ghala tu. Msomaji aliyelishika jarida hili kwa kutafuta mashairi asidhani amepotezwa njia. Shauri hili limeanzia Marekani, na huko ndiko nitakakokaa kwa sehemu kubwa ya makala haya. Lakini mwisho wake unagonga milango ya nyumba zetu.

Vigari hivi vilishamiri baada ya Vita Kuu vya Pili, khasa katika jimbo la Michigan, pale pale yalipokuwa yakiundwa magari yenyewe. Kampuni ya AMT ilianzishwa mwaka 1948. Herufi zake ni ufupisho wa maneno yenye maana ya vigari vya alumini vya kuchezea, kwa kuwa ilianza na alumini kabla ya plastiki kushika nafasi. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wauzaji wa magari vigari vidogo vilivyokamilika, ili mteja aonyeshwe sura na rangi ya gari alitakalo, na mtoto wake apewe kimoja cha kuchezea, baba asije akaisahau njia ya kurudi dukani. Kipimo chake kilikuwa moja kwa ishirini na tano: kila inchi 25 za gari la barabarani zilikuwa inchi 1 ya kigari.

Mwaka 1958 AMT ilileta jambo jipya. Badala ya kigari kilichokamilika, iliuza vipande vyake vikiwa vimeshikana na vijiti vya plastiki kama ndizi zilivyoshikana na mkungu, pamoja na karatasi ya maelekezo, ndani ya boksi lililochorwa picha ya kumtoa mtoto macho, kwa bei isiyofika dola 2. Wengine walikuwamo katika biashara hiyo au waliifuata: Revell ya California, Monogram ya Chicago, Jo-Han ya Detroit, na katika miaka ya 1960 MPC, iliyoasisiwa na George Toteff baada ya kuondoka AMT.

Linalotakiwa kuzingatiwa ni namna boksi hilo lilivyopangwa. Lilitangazwa kuwa ni tatu kwa moja, kwa sababu lilibeba vipande vingi kuliko gari moja linavyohitaji. Mtoto aliweza kuunga gari kama lilivyotoka kiwandani, au gari lililorembwa la kujinaki mitaani, au gari la mashindano. Yote matatu kwa pamoja hakuweza. Alilazimika kuchagua, na kila alichokichagua kiliacha vipande vingine, navyo vilitiwa kwenye kibati vikingojea kigari kijacho. Kwa hivyo lililouzwa dukani lilikuwa swali lililomngojea mtoto alijibu kwa mikono yake.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Mtu akitungiwa fumbo la shairi akaletewa barazani, heshima ya fumbo ni kujibiwa. Akilipokea, akalikunja, akalitia kashani, kisha akajigamba mbele za watu kwamba yeye analo fumbo ambalo halijapata kujibiwa, tutamcheka mpaka aone haya. Wakusanyaji wa maboksi yaliyofungwa hujigamba hivyo hivyo, wala hawachekwi. Wanalipwa.

Na wanalipwa vizuri. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kujua jinsi kalibu zilivyotumika. Kampuni za magari za Marekani zilikuwa na desturi ya kubadilisha sura za magari yao kila mwaka: taa za nyuma zilizokuwa za duara mwaka huu, mwakani huwa ndefu, bampa hupandishwa, mapambo ya ubavuni huhamishwa. Watengenezaji wa vigari walipaswa kwenda sambamba nazo. Kuchonga kalibu nzima ya chuma ni gharama kubwa, basi mara nyingi ile ya mwaka jana ilichukuliwa ikarekebishwa ili itoe gari la mwaka huu. Chuma kikishachongwa upya hakirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana vigari vingi vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 havikuweza kutolewa tena baada ya mwaka wake kupita.

Watoto waliovinunua wakati ule hawakulijua hilo, wala wangelijua wasingelijali. Walivifungua siku ile ile, wakaviunga, wakavipaka rangi kwa brashi nene, wakavishindanisha sakafuni, na siku ya fataki wengine wakavilipua kwa furaha kubwa. Yaliyobakia bila ya kufunguliwa yalibakia kwa sadfa: bidhaa za duka lililofungwa, zawadi iliyosahauliwa juu ya kabati, boksi la mtoto aliyekua ghafla akaanza kutamani gari la kweli.

Leo watoto wale ni wazee. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1962 amekwisha kupindukia 70. Anazo fedha ambazo utotoni hakuwa nazo, na anarudi kukitafuta kile alichokipenda. Hapo ndipo panapotokea kichekesho chenye kuhuzunisha. Alichokipenda kilikuwa kufungua: harufu ya plastiki mpya, mlio mdogo wa kipande kinapokatika kwenye kijiti chake, gundi iliyokauka vidoleni ikawa ngozi ya pili. Anachokinunua sasa, mara nyingine kwa mamia ya dola, ni marufuku ya kufungua. Boksi lake litabakia na thamani maadamu tu hatalitendea jambo lile moja ambalo lilitengenezwa kwa ajili yake.

Soko nalo limejifunza. Mashine ya kubanisha nailoni kwa joto si ghali, na kila mkusanyaji mzoefu amesikia habari za maboksi yaliyofunguliwa, yakapunguzwa vipande, kisha yakavishwa nailoni mpya na kuuzwa kuwa hayajapata kuguswa. Mnunuzi atajuaje? Akilichana ili ahakikishe, ameiua thamani yake. Asipolichana, atakufa asijue. Wazee walituonya kuhusu kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, lakini hata wao hawakupata kumwona mtu anayemlipa muuzaji ziada kwa sharti la kutolifungua gunia maisha yake yote.

Watasema: angalau kilichomo ndani kimesalimika. Hapa imani yao inakanushwa na plastiki yenyewe. Matairi ya vigari vingi vya zama zile yametengenezwa kwa vinaili laini, na ulaini huo unatokana na kilainishi kilichochanganywa humo. Kilainishi hicho hakitulii. Mwaka hadi mwaka hutoka ndani ya tairi kikitafuta pa kwenda, na kinapogusana na polistirini, ile plastiki ngumu iliyofinyangiwa gari lenyewe, huiyeyusha taratibu. Tairi lililolala juu ya kioo cha mbele kwa miongo kadhaa huacha alama ya duara iliyoungua kama chapa. Lililoegemea mlango huuchimba mlango. Yote haya hutendeka gizani, ndani ya nailoni isiyo na mchaniko, huku mwenyewe akiipangusa vumbi kwa kitambaa laini.

Wala si matairi peke yake. Karatasi za nembo, zile zinazolowekwa majini kisha zikabandikwa, hugeuka manjano. Boksi lililobebeshwa mengine juu yake hubonyea, na paa la gari lililo ndani huweza kubonyea nalo. Vile vigari vya matangazo vya miaka ya 1950, vilivyotengenezwa kwa asetati ya selulosi, hupinda vyenyewe hata visipoguswa na mtu: mgongo huinama, mbavu hujikunja, mpaka gari lililotoka kiwandani limenyooka likafanana na mashua iliyoachwa juani.

Dawa ya matairi ni nyepesi mno. Lifungue boksi, yatoe matairi, yatie katika mfuko wao peke yao, vingine virudishe. Ni kazi ya dakika tano, na kila fundi wa vigari anaijua. Lakini sheria ya nailoni inazikataza dakika hizo tano, kwa sababu zitashusha bei. Basi kinachohifadhiwa ni bei, na kwa ajili ya bei gari linaachwa liliwe. Mali ya bahili, walisema wahenga, huliwa na mchwa. Huyu bahili wetu amemfungia mchwa pamoja na mali, kisha akaitangaza kufuli yake kuwa ni uangalizi.

Sitaki kuwadhulumu wapinzani wangu. Wanayo hoja moja yenye uzito, nayo ni hii: kigari kilichoungwa ni ushahidi uliopotea. Kikishaungwa, hatujui tena boksi lake lilikuwa na vipande vingapi, vipi viliachwa, maelekezo yalisemaje, nembo zilikuwa za rangi gani. Bila ya maboksi yaliyokamilika, historia ya ufundi huu itaandikwa kwa kubahatisha. Nakubali. Nakubali pia kwamba ikiwa kigari fulani kimebakia kimoja kisichoungwa katika dunia nzima, si busara kukipa mtoto na chupa ya gundi.

Lakini hebu tuifuatilie hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ushahidi ni kitu kinachosomwa. Boksi ambalo halijapata kufunguliwa halijasomwa na mtu. Waraka uliomo ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri haumfundishi mwanahistoria chochote zaidi ya kwamba bahasha ipo. Anayeitaka historia atalifungua boksi kwa mikono safi, atavihesabu vipande, atavipima, atavipiga picha, atayanakili maelekezo, atayatenga matairi na plastiki, kisha atalifunga tena na kuwapa wengine alichokipata. Huyo ni mtunza kumbukumbu, na mimi namvulia kofia. Anayesema ushahidi, ushahidi, kisha asimruhusu yeyote kuutazama, hatafuti ushahidi. Ametafuta neno zuri la kuufunika ubahili.

Tunao mtihani wa kuwatambua. Kampuni ya Round 2, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo sasa inatoa vigari kwa majina ya AMT na MPC, imekuwa ikivirudisha madukani vigari vya zamani katika maboksi yenye picha za zamani, na kwa baadhi yake imechonga upya vipande ambavyo kalibu zake zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Mtu mwenye kukipenda kigari atafurahi: kilichokuwa kimetoweka kimerudi, na kijana wa leo anaweza kukiunga. Lakini wapo wanaonung'unika kila kigari kinaporudi, kwa kuwa boksi lao kuukuu litashuka bei. Mwenye kuchukia kuona anachokipenda kikiongezeka duniani, tumwulize upya ni nini anachokipenda.

Sasa tumtazame mkarabati. Yeye huanza na kile walichokidharau wenzake: kigari kilichotolewa ndani ya boksi la viatu darini, kimepakwa rangi tabaka tatu, hakina bampa ya nyuma, magurudumu mawili yameelekea mashariki na mawili magharibi. Gundi ya zama zile haikushika tu, iliyeyusha; ndiyo sababu viungo vyake ni makovu, na mara nyingine kwenye boneti huonekana alama ya kidole cha mtoto, imeganda pale kwa zaidi ya nusu karne.

Kazi ya kwanza ni kukifungua. Wapo wanaokitia kigari katika friza usiku kucha, kwa kuwa baridi huifanya gundi kuukuu iwe kavu na dhaifu, na viungo hukubali kuachana kwa mkono mtulivu. Kazi ya pili ni kuivua rangi. Kigari hulowekwa katika sabuni kali za kuondolea grisi, au spiriti, au mafuta ya breki, na kila dawa ina tabia yake: mafuta ya breki huivua rangi upesi, lakini plastiki kuukuu huweza kuvunjika kama biskuti ikiachwa humo ikasahauliwa. Kromu ya bampa, ambayo kwa hakika ni utando mwembamba wa alumini, huondoka kwa maji ya klorini yale yale ya kung'arishia nguo. Hufuata brashi ya meno na subira.

Kisha huja kuponya. Ufa mdogo huzibwa kwa puti. Ulio mkubwa huzibwa kwa vijipande vya plastiki ile ile vilivyoyeyushwa katika gundi, ili kidonda kipone kwa nyama yake yenyewe. Mlango uliochimbwa na tairi hukatwa ukatiwa mwingine kutoka kwenye kigari kisichoponyeka. Boneti iliyopotea huazimwa kwa rafiki, ikatengenezewa kalibu ya silikoni, ikamwagiwa rezini, na rafiki akarudishiwa yake salama. Mikwaruzo ya kioo hung'arishwa kwa msasa laini, kisha laini zaidi, na mwisho kwa dawa ya meno. Mapambo ya kromu ya ubavuni hurudishwa kwa karatasi ya madini nyembamba kuliko ganda la kitunguu, inayobandikwa, ikakandamizwa kwa kijiti, ikakatwa kwa ncha ya kisu.

Angalieni mambo mawili katika kazi hiyo. La kwanza ni kwamba haiwezekani kufanywa na mtu aliyejitenga. Mkarabati anahitaji bampa aliyonayo mwenziwe, na mwenziwe anahitaji viti alivyonavyo yeye. Vigari viwili vibovu huzaa kimoja kizima, na mabaki yake hulisha cha tatu. Kibati cha vipande kilichoanzishwa na mtoto mwaka 1958 bado kinazunguka. Mwenye boksi la nailoni hamhitaji mtu yeyote, isipokuwa mnunuzi. La pili ni kwamba ujuzi wote niliousimulia haumo ndani ya boksi. Umo mikononi. Ukiacha kutumika kwa kizazi kimoja tu, utakwisha, na siku hiyo maboksi yote duniani yatafunguliwa na mtu asiyejua la kufanya.

Nina neno pia kwa upande wangu mwenyewe. Wapo wakarabati wanaofuta kupita kiasi. Wanakichukua kigari cha mtoto wakakisafisha mpaka hakina hata alama moja ya aliyekiunga, wakakipaka rangi kama kioo, wakakiweka chini ya kifuniko cha plastiki angavu kisiguswe tena. Hao wamezunguka dunia nzima wakarudi kwenye nailoni. Mkarabati mwema husoma kabla ya kufuta. Rangi tatu zilizopandana humwambia kwamba mtoto alibadilisha shauri mara mbili; bampa ya mashindano kwenye gari la kawaida humwambia kwamba aliyakataa maelekezo. Mara nyingine jibu sahihi ni kukirudisha kigari kilivyokusudiwa na kiwanda. Mara nyingine ni kuzikaza tu nyuzi zilizolegea na kuliacha lile shauri la mtoto lisimame, hata kama ni shauri baya, kwa kuwa ni jibu la mtu aliyeulizwa akajibu.

Nilisema kwamba jambo hili linagonga milango yetu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, yametufikiaje? Hayakutufikia kwa kufungiwa. Yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa, yakasemwa na kusemwa tena, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua, akishirikiana na W. E. Taylor, alipoyakusanya na kuyaandika. Na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa katika kitabu. Kati ya mshairi na kitabu imepita karne nzima ya midomo. Bila ya shaka midomo hiyo iliyachubua. Neno hili lilibadilishwa na lile, ubeti huu ulisahauliwa, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni lipi alilolisema mwenyewe. Ndiyo makovu ya gundi. Lakini tunaye Muyaka wa kubishania. Kama kila aliyelisikia shairi lake angeliona kuwa ni la thamani mno kusemwa mbele za watu, tusingelikuwa naye.

Na bado katika miji yetu ya pwani imo desturi ya kasha. Ipo miswada ya tenzi, kwa herufi za Kiarabu, iliyofungwa kwa kitambaa ndani ya kasha la babu, na mwenye ufunguo hutamka kwa fakhari kwamba haujapata kuonwa na mtu. Mwanafunzi akija na kamera akaomba kuipiga picha tu, bila ya kuutoa mswada nje ya chumba, hurudishwa mlangoni. Naijua hofu ya wenyewe, nayo haikuzuka bure: zimekwisha kuchukuliwa karatasi nyingi zikavuka bahari, na walioachiwa makasha hawakupata hata nakala. Hata hivyo unyevu haumwogopi mwenye ufunguo. Wino hukwajuka na karatasi hutobolewa ndani ya kasha lililofungwa sawasawa na lililo wazi, na tofauti ni moja tu: kwenye lililofungwa hakuna anayeona. Ulinzi dhidi ya mwizi ni nakala nyingi. Utenzi ulionakiliwa mara mbili, ukasomwa na wajukuu wakaujua kwa moyo, hauibiki tena. Ulio mmoja ndani ya kasha, mwizi, moto au mchwa wowote anaumaliza kwa siku moja.

Turudi Marekani tumalizie kwa wenyewe. Wazee waliopata kuwa watoto wa mwaka 1962 wanaondoka, na nyumba zao zinarithiwa. Mrithi anafungua chumba, anakuta ukuta mzima wa maboksi, kila moja na nailoni yake. Anaita mnunuzi, maboksi yanahesabiwa, yanachukuliwa, yanaingia katika chumba cha mzee mwengine. Ndani ya ukuta ule hapakuwa na kitu hata kimoja chenye alama ya mkono wa marehemu. Katika nyumba ya jirani mrithi mwengine anakuta vigari kumi na viwili tu juu ya rafu, vingine vizuri, vingine vya kawaida, na kimoja kibovu kilichokarabatiwa nusu, mlango mmoja bado haujapakwa rangi. Akikichukua mkononi anakutana na chaguo la baba yake: rangi aliyoipenda, kosa alilolifanya akalirekebisha, pale alipofika alipoitwa. Soko litakwambia chumba cha kwanza kina thamani zaidi. Waulizeni warithi.

Basi msimamo wangu ni huu, na naueleza waziwazi ili anayetaka kuupinga ajue pa kushika. Yaliyo nadra kweli kweli yafunguliwe kwa uangalifu, yapimwe, yanakiliwe, na nakala zake zigawiwe. Yaliyobakia, ambayo ni mengi mno, yaungwe. Asiyeweza kuunga kwa kutetemeka mikono ampe anayeweza, akae naye mezani amwonyeshe. Mabomu ya gundi yaokotwe darini kabla hayajatupwa. Na matairi yatengwe leo hii na plastiki, kwa kuwa hili halingoji mjadala.

Mwenye hoja ya kuitetea nailoni na aje nayo barazani. Ila aje amekwisha kulifungua boksi lake, atwambie amekuta nini.